UKIIPENDA KEMIA, UTAKUWA NANI?

Mwanafunzi akipata "A" ya Kemia, sote twakimbilia kusema, "Huyo ni daktari!" Kwani Kemia haina njia nyingine? Zipo, tena nyingi. Leo tutazame shahada tatu zinazokaribiana kama pua na mdomo, lakini si kitu kimoja: kemia, bayokemia na uhandisi wa tibabu.

Chukua mfano wa kile kifaa kidogo ambacho wagonjwa wa kisukari hutumia nyumbani. Mtu hudunga kidole, huweka tone la damu kwenye kipande chembamba, na baada ya sekunde chache nambari hutokea. Je, ni kazi ya nani?

Kwanza ni mwanabayokemia, anayesoma kemia ya viumbe hai. Ndani ya kipande kile mna kimeng'enya kinachochagua glukosi katika damu na kuifanyia kazi. Pili ni mwanakemia. Yeye hutafuta kemikali ya kupokea elektroni kutoka kwa kimeng'enya na kuzifikisha kwenye njia ya umeme. Tatu ni mhandisi wa tibabu. Umeme huo ni mdogo mno, naye ndiye huunda chombo cha kuupima na kuugeuza kuwa nambari. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka wa 1962. Clark mwenyewe alikuwa amesomea bayokemia. Mwaona jinsi fani hizi zinavyoshikana mikono?

Haya, turudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza kemia na bayokemia, na shahada hizo huchukua miaka 4. Uhandisi wa tibabu hufunzwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, nao huchukua miaka 5.

Sasa tegeni sikio. Wastani wa C+ katika KCSE hukufikisha mlangoni tu. Kinachokuingiza ndani ni alama za masomo 4 yanayohitajika na kozi yenyewe. Anayetaka bayokemia asiicheze Biolojia. Anayetaka uhandisi lazima awe na Hisabati, Fizikia na Kemia. Wako wenzetu wanaoitupa Fizikia ati ni ngumu, kisha waota kuunda mashine za hospitali. La, bwana! Aliyeacha Fizikia amejifungia mlango huo kwa mkono wake, hata akipata "A" ya Biolojia.

Jambo la mwisho: kabla ya kuchagua kozi yoyote ya uhandisi, uliza kama inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Miaka 5 si mchezo, na karo ya mzazi haiokotwi barabarani.

Basi, kabla hujajaza fomu ya kuchagua masomo, mwone mwalimu wako wa Kemia na yule wa Fizikia, uwaulize. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.