Somo la Chombo cha Shamba: Umeme Unaokatika na Kurejea



Wengi wetu siku hizi twachukulia karafuu kwa chombo cha mota: pikipiki ya kawaida, bajaji ya mizigo, au pikipiki ya magurudumu manne ipitayo matopeni. Vyombo hivi vina maradhi yanayosumbua kuliko kuharibika kabisa, nayo ni umeme unaokatika na kurejea. Asubuhi chombo chawaka, adhuhuri chazimika njiani, na kikifikishwa kwa fundi chawaka kana kwamba hakikuugua.

Hasara yake mkulima aijua. Karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia huumuka, huharibika rangi, na zikikauka hushuka daraja. Tena mvua za vuli, kati ya Oktoba na Disemba, aghalabu hutukuta tungali mitini. Na mvua ndiyo iamshayo maradhi haya. Basi yafaa tujue kuyatafuta kwa utaratibu, badala ya kununua vipuri kwa kubahatisha.

Asili ya maradhi

Fyuzi iliyoungua haijiungi yenyewe. Kwa hiyo umeme ukikatika kisha ukarejea, shuku kwanza maungio: nati iliyolegea, waya uliokatika ndani ya ganda lake, au kichwa cha waya kilicholiwa na kutu. Kisiwani petu upepo una chumvi, na chumvi pamoja na unyevu huiotesha shaba kutu ya kijani.

Maungio mabovu ni kama mpira wa maji uliobanwa: maji ya kunawa yatoka, ya kujaza pipa hayatoshi. Ndiyo sababu taa ndogo huwaka, lakini ukibonyeza starta husikia mlio mmoja tu, kisha kimya. Starta yataka umeme mwingi. Taa ndogo yataka kidogo.

Namna ya kutafuta

1. Andika kwanza. Chombo huzimika wakati gani? Baada ya mvua? Kikipita shimo? Kikikata kona? Kikishapata moto? Kila jibu laonyesha mahali pa kuanzia.

2. Pima betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi ya kiasi, kipimo kiwe baina ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, betri haichajiwi, na betri mpya haitakuponya. Shika vichwa vya waya juu ya betri. Kikizunguka kwa vidole, kimelegea.

3. Tazama waya wa ethi, yaani ule utokao upande hasi wa betri na kufungwa kwenye chuma cha chombo au injini. Weka ncha moja ya kipimo kwenye upande hasi wa betri na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzio abonyeze starta. Kikizidi nusu volti, njia hiyo imezibwa na kutu au rangi.

4. Tikisa waya. Gia iwe huru na breki imefungwa. Injini ikizunguka, tikisa taratibu fungu moja la waya baada ya jingine: chini ya usukani, chini ya kiti, karibu na swichi ya ufunguo. Pindua usukani kulia na kushoto. Injini ikikohoa au taa ikipepesa, umekaribia. Angalia pia alama za meno ya panya. Chombo kilicholala bandani huwa nyumba yao.

5. Jaribu maji na joto. Kikisumbua siku za mvua, nyunyiza maji kidogo mahali pamoja pamoja na usikilize. Kikizimika kwa joto na kuwaka kikipoa, kagua papo hapo, kingali na moto, kama plagi yatoa cheche. Isipotoa, shuku koili na waya zake.

Kutengeneza

Zima chombo, ondoa ufunguo, na ufungue waya hasi wa betri kwanza. Wakati wa kurudisha, ufunge mwisho. Sugua maungio kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake. Waya uliooza ndani kata sehemu yake yote. Kuuzungushia utepe peke yake ni kuficha kidonda. Na fyuzi ya ampea 15 irudishiwe ya 15. Kuweka kipande cha waya mahali pake ni kukaribisha moto chini ya kiti.

Kinga

Chombo kilichopita pwani kioshwe kwa maji baridi yasiyo chumvi, lakini usielekeze maji ya nguvu kwenye swichi na maungio. Kabla ya kuanza kuchuma, fungua kiti, safisha vichwa vya betri, na kaza ethi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taa yaweza kuwaka huku starta ikigoma?
2. Injini yazunguka, na kipimo cha betri hakipandi. Je, ununue betri?
3. Chombo huzimika kila upinduapo usukani kushoto. Utaanzia wapi?

Asiyeweza kuyajibu na asome tena, kisha akajaribu juu ya chombo chake kabla magunia hayajajaa.