Mnara wa simu nyuma ya ukuta

SWALI: Nimelipa kodi ya miezi sita Tabata, Dar es Salaam. Dalali alinionyesha nyumba usiku. Asubuhi nikakuta mnara wa simu nyuma ya ukuta. Je, hakupaswa kuniambia? Na mionzi yake?

JIBU: Dalali anayeonyesha nyumba usiku ana lake jambo. Hata hivyo, kukagua kwa kawaida ni juu ya mpangaji, na kunyamaza si sawa na kudanganya. Ungemuuliza naye akakana, hapo ungekuwa na hoja nzito ya kudai hela yako. Siku nyingine uliza kwa ujumbe wa simu, ubaki na ushahidi.

Kuhusu mionzi, mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi ya redio kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, wakitazama zaidi simu inayobanwa sikioni. Antena za mnara hurusha mawimbi mbele zaidi kuliko chini, hivyo aliye chini yake mara nyingi hupata kidogo. Wasiwasi ukizidi, iandikie Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Mimi ningehofia zaidi jenereta la mnara. Umeme ukikatika linanguruma usiku kucha, na moshi wa dizeli unaingia hadi chumbani.

Na kwa wasomaji wengine: anayenunua kiwanja chenye mnara ndani yake asitoe hata shilingi kabla ya kuuona mkataba wa kampuni ya mnara: umebaki muda gani, na kodi ataipokea nani.