SOMO LA AFYA: KUPANDA NA KUSHUKA NGAZI KWA MKONGOJO AU MAGONGO

Mji wa Tunduma unakua, na majengo ya ghorofa yanaongezeka kando ya barabara kuu iendayo mpakani. Maduka, nyumba za wageni na ofisi nyingi za ghorofani hufikiwa kwa ngazi tu. Katika miteremko ya Ileje na Mbozi ziko pia njia zenye vipandio vilivyochongwa kwenye udongo. Kwa mtu mwenye miguu mizima hizo ni hatua chache. Kwa mzee, kwa majeruhi wa ajali ya pikipiki au kwa aliyepata kiharusi, hatua moja iliyokosewa yaweza kuvunja nyonga na kumwondolea uwezo wa kujihudumia.

Kanuni ya msingi ni moja: mguu mzima ukae juu. Mtu anapopanda, mguu uliotangulia ndio unaouinua mwili wote. Anaposhuka, mguu uliobaki nyuma ndio unaoushusha mwili taratibu. Kazi hizo mbili ni nzito, na zote hufanyika kwenye kipandio cha juu. Kwa hiyo mguu mzima hutangulia katika kupanda na huwa wa mwisho katika kushuka.

Kupanda:
1. Simama karibu na kipandio. Shika reli ya ngazi kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mkono wa pili.
2. Tanguliza mguu mzima.
3. Inua mwili, kisha ufuatishe mguu mgonjwa pamoja na mkongojo.
4. Miguu yote miwili ikishatulia, anza kipandio kinachofuata.

Kushuka:
1. Shusha mkongojo kwanza kwenye kipandio cha chini.
2. Fuatisha mguu mgonjwa.
3. Malizia na mguu mzima.

Kwenye tambarare, mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, reli ndiyo yenye kipaumbele: ishike hata kama itakulazimu kuhamisha mkongojo upande wa pili. Anayetumia magongo mawili ashike reli kwa mkono mmoja na gongo moja kwa mkono mwingine, na gongo la pili abebewe na msaidizi. Pasipo na reli, magongo yote hufuata mpangilio uleule wa mkongojo. Aliyekatazwa na daktari kukanyagia mguu mgonjwa asipande ngazi kabla ya kufundishwa na mtaalamu.

Fremu ya kutembelea yenye miguu minne haikutengenezwa kwa ajili ya ngazi. Mtumiaji ashike reli, na mtu mwingine ambebee fremu hadi juu.

Msaidizi naye ana mahali pake. Mgonjwa akipanda, msaidizi awe nyuma yake. Akishuka, awe mbele yake, kipandio kimoja chini. Amshike mkanda au kiunoni, wala asimvute mkono, kwa kuwa mkono ndio anaoutegemea.

Kifaa chenyewe kikaguliwe. Mtu akisimama wima na kulegeza mikono, mshikio wa mkongojo uwe usawa wa kiwiko cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono. Magongo yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito ubebwe na viganja. Kuegemea kwapa huminya mishipa ya fahamu na kuleta ganzi mikononi. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe mara moja. Katika msimu wetu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, futa tope kwenye mpira na kwenye viatu kabla ya kukanyaga ngazi ya saruji au ya vigae.

Vaa viatu vinavyokaza kisigino badala ya kandambili. Kanga au gauni refu lipandishwe lisikanyagwe. Mizigo ibebwe mgongoni, mikono ibaki huru. Usiku uwe na tochi, na kingo za vipandio zipakwe rangi nyeupe ili zionekane. Ukiona kizunguzungu, au ngazi ikiwa haina reli wala msaidizi, keti na ushuke kipandio kimoja kimoja kwa makalio. Njia hiyo ni salama na haina aibu.

Aliyeanguka asiinuliwe kwa pupa. Akishindwa kukanyaga, akiwa na maumivu makali ya nyonga, au mguu ukionekana kuwa mfupi au umepinda nje, alazwe alivyo na afikishwe hospitali bila kuchelewa. Asikandwe wala asichuliwe.

Wamiliki wa majengo nao wana wajibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike na watu wenye ulemavu. Reli imara na njia ya mteremko ni vyema viwekwe wakati wa ujenzi, maana kuviongeza baadaye huwa na gharama kubwa zaidi. Nako ghorofani, mtoa huduma anaweza kumshukia mteja anayeshindwa kupanda.

Mwananchi mwenye mkongojo au magongo aombe kufundishwa ngazi na mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Anayehitaji kifaa na hana uwezo afike kwa Afisa Ustawi wa Jamii ili apate ushauri.