Kuhama Mfumo wa Simu Janja: Mwongozo wa Uamuzi kwa Wakazi wa Mwanza na Mialo ya Ziwa Victoria

1. Madhumuni ya kijitabu

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji wa simu wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe na mialo mingine ya Ziwa Victoria ambaye anafikiria kuacha mfumo mmoja wa simu na kuhamia mwingine. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza simu, yaani ile inayopokea amri za mtumiaji, inayosimamia matumizi ya chaji na nafasi ya kuhifadhi, na inayoziwezesha programu nyingine, kama vile WhatsApp au programu ya benki, kufanya kazi. Simu mbili zinaweza kufanana kwa kioo na kwa kamera, lakini zikiwa na mifumo tofauti, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mmoja haifunguki kwenye mwingine.

Mifumo mikubwa ni miwili. Android, inayosimamiwa na Google na ambayo simu yake ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2008, hutumiwa na kampuni nyingi, zikiwamo Samsung na Xiaomi, pamoja na Tecno, Infinix na itel, ambazo zote tatu ni chapa za kampuni ya Transsion ya China. Mfumo wa pili ni iOS wa kampuni ya Apple, ambao unapatikana kwenye iPhone peke yake. Kando ya hiyo miwili upo KaiOS, uliobuniwa kwa ajili ya simu za batani zenye intaneti.

Msimamo wa kijitabu hiki ni kwamba uamuzi wa kuhama haufai kuanzia kwenye sifa za simu mpya, bali uanzie kwenye kazi ambazo simu ya sasa inamfanyia mwenyewe, na mahali ambapo matunda ya kila kazi yamehifadhiwa.

2. Sababu inayolazimisha na sababu inayovutia

Zipo nyakati ambapo kuhama si hiari. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania iliingiza sokoni Smart Kitochi, simu ya batani ya bei nafuu iliyotumia KaiOS, na watu wengi waliokuwa hawajawahi kutumia intaneti wakaipata WhatsApp kwa njia hiyo. Hata hivyo, katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupokea watumiaji wapya wa KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikakoma kufanya kazi hata kwa wale waliokuwa nayo, ingawa simu zenyewe zilikuwa bado nzima na ziliendelea kupiga na kupokea kama kawaida. Watumiaji wa mfumo wa Windows Phone walipatwa na jambo hilohilo mwishoni mwa mwaka 2019. Funzo lake ni kwamba simu inaweza kuwa haina ubovu wowote ilhali mfumo wake umeshaachwa na watengenezaji wa programu.

Hali hii huikumba pia mifumo mikubwa pale toleo linapozeeka. Toleo ni hatua ya mfumo inayotambulishwa kwa namba, nayo huongezwa kwa njia ya masasisho, yaani marekebisho yanayotumwa na mtengenezaji ili kuziba mianya ya usalama na kuongeza uwezo. Tangu Mei 2025 WhatsApp inahitaji iPhone yenye iOS ya toleo la 15.1 au la juu zaidi, kwa hiyo iPhone 5s na iPhone 6, ambazo ziliishia toleo la 12, haziwezi tena kuitumia, hata zikiuzwa zikiwa zinang'aa. Kwa upande wa Android muda wa masasisho hutofautiana sana, kwani Samsung iliahidi miaka 7 kwa simu zake za Galaxy S24 za mwaka 2024, ilhali simu nyingi za bei ya chini hupata masasisho kwa muda mfupi zaidi. Mnunuzi anayehama ili apate simu ya kudumu anapaswa kuuliza umri wa toleo kabla ya kuuliza idadi ya kamera.

Kinyume chake, baadhi ya malalamiko yanayowasukuma watu kuhama hayatokani na mfumo. Simu inayokwama kwa sababu nafasi imejaa video za makundi ya WhatsApp itapona kwa kufutwa video hizo, na simu inayoisha chaji kabla ya adhuhuri huenda inahitaji betri mpya kwa fundi, kazi ambayo gharama yake ni ndogo kuliko kununua simu nyingine.

3. Vitu vya mtumiaji vinakaa wapi

Uzito wa kuhama hupimika kwa kuvigawa vitu vya mtumiaji katika mafungu matatu.

*Fungu la kwanza ni vitu vilivyo kwenye laini.* Fedha za M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, iliyojulikana kama Tigo Pesa hadi mwaka 2024, hazikai ndani ya simu, bali ziko kwenye kumbukumbu za mtoa huduma zikiwa zimeunganishwa na namba ya mteja. Menyu inayofunguka baada ya kupiga *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money ni huduma ya mtandao wa simu, na ndiyo maana inafunguka hata kwenye kitochi. Kwa hiyo mama lishe wa Kirumba au dereva wa bodaboda wa Buzuruga, ambaye kazi kubwa ya simu yake ni kupokea na kutuma fedha, hana anachopoteza kwa kuhama, na kwa kazi hiyo hana anachoongeza pia.

*Fungu la pili ni vitu vilivyo kwenye akaunti.* Akaunti ni utambulisho wa mtumiaji kwa kampuni inayosimamia mfumo, unaolindwa kwa nywila, na ambao huhifadhi majina, picha na barua pepe kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, na Apple hutoa GB 5. Majina yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hufunguka pia kwenye iPhone mara akaunti hiyo inapoingizwa, lakini programu zilizonunuliwa kwenye duka la mfumo mmoja hazihamii kwenye duka la mwingine. Si jambo geni akaunti kufunguliwa na muuza simu siku ya mauzo, mwenye simu akaondoka dukani bila kuijua nywila, kisha akagundua siku ya kuhama kwamba picha za miaka mingi zimo kwenye akaunti asiyoweza kuifungua.

*Fungu la tatu ni vitu vilivyo ndani ya simu yenyewe*, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Kwa mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, ambaye hupokea oda za wateja wa Burundi na Kongo kwa ujumbe wa sauti na kutunza picha za risiti za malipo, mazungumzo ya WhatsApp ndiyo daftari la mauzo. Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya mazungumzo hayo, huwekwa na Android kwenye akaunti ya Google na huwekwa na iPhone kwenye akaunti ya Apple, wala nakala ya upande mmoja haisomeki upande wa pili. Anayetoka Android kwenda iPhone hana budi kutumia programu ya Apple iitwayo Move to iOS wakati wa kuiwasha iPhone kwa mara ya kwanza, au baada ya kuirudisha katika hali ya kiwandani, huku namba ya WhatsApp ikibaki ileile. Anayetoka iPhone kwenda Android kwa kawaida huhitaji waya wa kuunganisha simu hizo mbili, na simu nyingi za Android hutakiwa ziwe za toleo la 12 au zaidi. Mtu akianza kuitumia simu mpya kabla ya kufanya hivyo, huenda akalazimika kuifuta na kuanza upya.

4. Laini mbili na mazingira ya ziwani

Mtandao unaoshika vizuri mjini Mwanza si lazima uwe ndio unaoshika vizuri Nansio au Ukara, na kwa sababu hiyo wakazi wengi wa visiwani na wasafiri wa majini huweka laini mbili katika simu moja. Simu nyingi za Android zinazouzwa nchini zina nafasi mbili za laini. iPhone zilizotangulia XS na XR za mwaka 2018 zilipokea laini moja tu, na kuanzia hizo laini ya pili kwa kawaida huwa ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi ambayo taarifa zake huandikwa ndani ya simu na mtoa huduma. iPhone 14 ya mwaka 2022 na zilizofuata, zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, hazina kabisa tundu la kuweka laini. Simu ya namna hiyo ikifika sokoni kama mtumba, mnunuzi atalazimika kubadilisha laini zake zote kuwa eSIM katika duka la mtoa huduma, na anayeishi kisiwani ahakikishe kwanza duka la karibu linaloweza kufanya kazi hiyo liko wapi.

Jambo la pili ni chaji na spea. iPhone zilizotangulia iPhone 15 ya mwaka 2023 hutumia waya wa aina yake, usiofanana na waya za simu nyingi za Android, na pale ambapo watu huchajia kwa sola ya jirani au kwenye kibanda cha mwaloni, tofauti hiyo ndogo inaweza kumwacha mtu bila simu usiku mzima. Kabla ya kuhama ni vyema kumuuliza fundi wa eneo husika kama anaweza kupata kioo na betri ya simu inayokusudiwa, na kwa bei gani.

Jambo la tatu ni lugha. Menyu za Android zinaweza kuwekwa katika Kiswahili, na mtu anayemnunulia mzazi wake iPhone afungue kwanza orodha ya lugha zake akiwa dukani.

5. Kuikagua simu iliyotumika

Simu ikiwa bado mezani kwa muuzaji, mnunuzi aandike *#06# ili aione IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha kila simu, kisha ailinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye risiti. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini tarehe 16 Juni 2016 kwa kutumia namba hizo.

Baada ya hapo muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya mnunuzi na kuifuta simu hadi hali ya kiwandani. Mifumo yote miwili ina kufuli la wizi, ambalo huidai simu iliyofutwa akaunti ya mmiliki wa awali, kwa hiyo simu inayoomba nywila ya mtu mwingine haifai kununuliwa kwa ahadi kwamba fundi ataifungua. Simu ya mkopo ambayo malipo yake hayajakamilika inaweza kuzimwa na mkopeshaji kutoka mbali, hata ikiwa mikononi mwa mnunuzi mpya. Mwisho, mnunuzi aweke laini zake mwenyewe, apige, apokee na kufungua intaneti kabla ya kutoa fedha.

6. Hatua za kuhama

1. Kupiga *106# ili kuhakikisha kwamba laini zote zimesajiliwa kwa jina la mtumiaji, kwa sababu WhatsApp na akaunti nyingi hutuma namba za uthibitisho kwenye laini.
2. Kuhifadhi majina yote kwenye akaunti, na kuhakikisha kwamba nywila yake inajulikana na inafanya kazi.
3. Kuhamisha mazungumzo ya WhatsApp kabla ya kuanza kuitumia simu mpya.
4. Kusajili upya programu za benki kwa utaratibu wa benki husika, bila kumpa fundi namba ya siri wala namba ya uthibitisho.
5. Kwa anayeacha iPhone, kuzima huduma ya iMessage, ili ujumbe kutoka kwa wenye iPhone usiendelee kutumwa kwenye simu aliyoiacha.
6. Kukaa na simu ya zamani kwa wiki kadhaa, na kuifuta na kuiuza baada tu ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichosahaulika.

7. Kufikia uamuzi

Kuhama kuna msingi pale mfumo wa sasa unapoachwa na programu ambazo mtumiaji anazitegemea, au pale kazi yake inapodai kitu ambacho mfumo huo hauna. Ikiwa kazi zote zinafanyika, masasisho bado yanakuja na fundi anapatikana, fedha ambayo ingenunua mfumo mpya italeta faida kubwa zaidi ikinunua betri, kava ya kuzuia maji au simu mpya ya mfumo uleule. Anayeamua kuhama afanye hivyo katika siku ambazo biashara imepoa, wala si katika giza la mwezi ambapo mitumbwi ya dagaa iko majini na simu haipumziki.

Ujumbe wa kitapeli unaoomba fedha au namba za siri kwa kisingizio cha kuhamisha laini uripotiwe kwa kutumwa kwenda namba 15040, na malalamiko ambayo mtoa huduma ameshindwa kuyatatua yafikishwe katika ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.