Miti ya Visiwa vya Mlimani

Mtu akisimama Kisaki na kutazama upande wa kaskazini, huiona milima ya Uluguru, na mara nyingi vilele vyake vimefunikwa na mawingu. Chini ni nyika na joto. Juu ni msitu, ukungu na baridi. Kwa miti ya juu, milima ile ni kisiwa, na nyika ni bahari yake. Mti uliozoea baridi hauwezi kuota katika joto la chini.

Mmoja wa miti hiyo ni mpodo. Ni wa jamaa ya msonobari, lakini majani yake ni mapana zaidi. Mbegu yake hukaa juu ya kikonyo chenye nyama laini. Ndege huila, na hivyo mbegu huenezwa. Tena kuna mpodo dume na mpodo jike. Jike halizai ila upepo uliletee chavua ya dume. Basi mwenye shoka akibakiza mti mmoja tu, asidhani kwamba amebakiza mbegu.

Mpodo una visiwa vingi, tangu huku kwetu mpaka Afrika Kusini. Kwa hiyo haujafikia hatari ya kutoweka duniani. Lakini jamaa yake, mwerezi wa Mulanje, huota wenyewe katika mlima mmoja tu, katika nchi ya Malawi. Mbao zake hunukia vizuri, wala mchwa hawazipendi. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Watu waliukata miaka mingi, na moto ukateketeza miche. Mwaka 1984 Malawi iliufanya mti wa taifa, lakini heshima hiyo haikuzuia misumeno. Leo miti mikubwa imekwisha karibu yote, na wataalamu wameuandika katika daraja la hatari kuu ya kutoweka. Wenyeji wanaotesha miche vitaluni na kuipanda upya. Kazi ngumu, kwa maana mti hukua polepole.

Misitu ya Uluguru imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Msitu huo hunasa ukungu na mvua, na maji yake huingia mto Mgeta upitao Kisaki. Kwa hiyo akatae juu hukata pia maji ya aliye chini.

Maswali
1. Kwa nini mlima huitwa kisiwa?
2. Mpodo mmoja ukibaki peke yake, kuna hasara gani?
3. Ni nini kilichouponza mwerezi wa Mulanje?
4. Watu wa Kisaki hupata faida gani kwa msitu wa Uluguru?