Somo la Chakula Chepesi cha Nyumbani na Haki ya Mwili

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote, somo hili lahusu jambo ambalo kila mtu hulitenda kila siku, na wachache ndio wanaolitia katika mizani ya dini. Nalo ni chakula kipikwacho nyumbani.

Watu wa pwani, toka Lamu hata Kilwa, na watu wa Unguja na Pemba, wamejaaliwa neema kubwa ya mapishi. Bahari huwapa samaki, mashamba huwapa nazi na muhogo na ndizi, na vyombo vya pepo za msimu viliwaletea tangu zamani bidhaa za Bara Hindi na Arabuni. Neema hii ni ya kushukuriwa, wala hapana haja ya kuionea haya. Lakini neema ina haki yake, na haki ya neema ni kutumiwa kwa kiasi. Ipindukiapo mpaka, hugeuka ikawa mtihani.

Na mtihani huo umekwisha kuingia majumbani. Ni nadra leo kumpata mtu mzima asiyemjua jamaa au jirani mwenye kisukari au shinikizo la damu. Maradhi haya huingia kimya, mtu asihisi kitu kwa miaka. Kisha kisukari huharibu macho na figo na mishipa ya miguu. Na shinikizo la damu huziba au hupasua mishipa ya ubongo, mtu akapooza upande mmoja. Sababu zake si chakula peke yake: ziko za ukoo, na umri, na tumbaku, na kukaa bila kutembea. Lakini chakula ni mlango ambao ufunguo wake umo mkononi mwa mtu mwenyewe. Na alalapo kitandani mwenye nyumba, halali peke yake. Mkewe huwa muuguzi, watoto hukosa wa kuwaangalia, na kilichowekwa akiba huishia katika dawa.

FASILI YA KWANZA: MWILI NI AMANA

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanadamu kula na kunywa, na papo hapo akawakataza israfu. Wanazuoni wamezingatia kwamba amri na katazo vimekuja pamoja: kula ni ibada kwa mwenye nia njema, na kupindukia ni kosa hata katika kitu cha halali.

Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Al-Miqdam bin Maadikarib aliyoipokea At-Tirmidhi, amebainisha kwamba hapana chombo kiovu akijazacho mwanadamu kuliko tumbo lake, na kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yamtosha. Ikiwa hana budi kuzidisha, basi thuluthi iwe ya chakula, na thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Na Salman alimkumbusha nduguye Abu Dardaa, aliyekuwa akijitaabisha kwa ibada, kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa mwili una haki isipotezwe kwa kufunga na kusimama usiku kucha, vipi haki hiyo itapotezwa kwa samli na sukari?

Hapa wanaume wana la kujiuliza. Katika nyumba nyingi apikaye ni mke, lakini atawalaye chungu ni mume. Yeye ndiye achukuaye kikapu sokoni, na yeye ndiye asifuye au anunaye. Mke akipunguza tui siku moja, mume husukuma sahani na kuuliza kama nyumba imefilisika. Siku ya pili mke hurudisha tui lake lote, kwa kutaka amani. Basi lawama ya chungu kizito si ya mpishi peke yake.

Ilivyokuwa tabia ya Mtume ni kinyume cha hayo. Abu Huraira amesimulia kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula: akikitamani hukila, na asipokitaka hukiacha. Na Bibi Aisha alipoulizwa habari za Mtume nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala. Mwenye kutaka kuifuata sunna mezani na aanze na ulimi wake kabla ya tumbo lake.

FASILI YA PILI: CHAKULA CHA MTUME KILIKUWA CHEPESI NA CHENYE LADHA

Wako wadhanio kuwa chakula chepesi ni chakula cha mgonjwa, kisicho na utamu. Habari za Mtume zaonyesha vingine. Anas bin Malik amesimulia kwamba mshoni mmoja alimwalika Mtume, akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akiyafuata mamunye pembeni mwa sahani, na tangu siku hiyo yeye Anas akayapenda mamunye. Jabir amepokea kwamba Mtume aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Na Abdullahi bin Jaafar alimwona akila tende mbivu pamoja na matango.

Na katika wasia wake kwa Abu Dharr, Mtume alimwamrisha kuzidisha maji apikapo mchuzi, ili awagawie majirani. Mtu akiyatazama maneno haya ataona faida mbili kwa pamoja. Mchuzi wa maji mengi huwa mwepesi kwa mwenye kuula, na huwatosha wengi. Chungu kizito hushiba watu wachache. Chungu chepesi hufika hata kwa jirani.

FASILI YA TATU: MIZIGO MITATU YA CHUNGU

Wa kwanza ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga ina kalori 4 tu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama gramu 14, na kalori zake hukaribia 120. Mpishi amiminaye kwa jicho, bila kupima, huweza kutia vijiko vinne vya ziada asijue, nazo ni kalori 480. Tena mafuta si namna moja. Katika mafuta ya nazi, sehemu kama 9 katika 10 ni za jamii ile izidishayo kolesteroli katika damu. Na katika samli, zaidi ya nusu. Nazi haikuharimishwa kwa hayo, lakini haifai kuwa bwana wa kila chungu, asubuhi na jioni.

Wa pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nazo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Katika hesabu hiyo imo chumvi ya mchuzi, na ya mkate, na ya ng'onda, na ya vidonge vya supu vinunuliwavyo dukani.

Wa tatu ni sukari. Shirika hilo hilo limeshauri kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja katika kumi ya kalori za siku. Kwa mtu alaye kalori 2000, hizo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Basi mwenye kutia vijiko vitatu katika kikombe, naye akanywa vikombe vinne, amekwisha kuufikia mpaka wake kabla hajaonja kaimati hata moja.

FASILI YA NNE: NAMNA YA KUPIKA

Ladha ya mapishi ya pwani haikukaa katika mafuta. Imekaa katika ndimu na ukwaju, thomu na tangawizi, bizari na pilipili manga, kotmiri na pilipili mbichi. Vitu hivi vyataka mkono wa kujua kuvitumia, navyo huifanya chumvi kidogo ionekane nyingi. Mafuta yalipunguzwapo, hivi ndivyo vizidishwe.

Mfano wake ni mchuzi wa samaki wa ukwaju na mumunye, wa kuwatosha watu watano. Huchukuliwa samaki kilo moja, changu au tasi au kolekole, akasafishwa, akapakwa ndimu na thomu iliyotwangwa. Ukwaju wa kiasi cha limau dogo huroweshwa katika kikombe cha maji ya moto, kisha hukamuliwa na kuchujwa. Vitunguu viwili hukatwakatwa na kutiwa chunguni pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Vikianza kushika, hutiwa maji kijiko kwa kijiko badala ya kuongezwa mafuta, mpaka vilainike. Hapo hufuata tangawizi na thomu, kisha bizari, kisha nyanya nne, na chungu hufunikwa mpaka nyanya zivunjike.

Baadaye hutiwa vikombe viwili vya maji na mumunye lililomenywa na kukatwa. Lipatapo kulainika, hutiwa ukwaju, na samaki hulazwa juu. Moto hupunguzwa, na chungu huachwa kiasi cha dakika kumi. Mwiko hautumiwi tena, bali chungu hutikiswa kwa masikio yake, ili samaki asivunjike. Mwisho hunyunyizwa kotmiri na pilipili mbichi. Chumvi huonjwa hapo mwisho, wala haitiwi mwanzo kwa mazoea. Na asiyeweza kuliacha tui, na atie tui la pili lililo jepesi, nusu kikombe, dakika za mwisho.

Wali wake upikwe kwa maji, wenye iliki na mdalasini, nao utanukia bila samli. Katika kupakua, nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, bamia, biringani au kachumbari. Robo iwe wali au muhogo. Na robo iwe samaki, au pojo, au kunde. Walao katika sinia moja huweza kufanya vivyo hivyo kwa kulipanga sinia: mboga ziwekwe mbele ya kila mtu, wali usifanywe mlima.

FASILI YA TANO: FUTARI

Mwezi wa Ramadhani ndio mwezi wa kupumzisha tumbo, na katika nyumba nyingi umegeuzwa kuwa mwezi wa kulichosha. Sambusa, bajia, katlesi na kaimati, zote za kuzama katika mafuta, huandaliwa pamoja na muhogo wa nazi na ndizi za nazi, na sharubati juu yake. Mfungaji hula kwa njaa ya siku nzima, na ifikapo tarawehe hawezi kurukuu bila kugumia. Na mpishi, aliyefunga kama wao, amesimama mbele ya moto tangu alasiri, asipate hata juzuu moja ya Kurani.

Anas amepokea kwamba Mtume alikuwa akifuturu kwa tende mbivu kabla ya kusali. Asipozipata, kwa tende kavu. Na asipozipata, kwa mafunda ya maji. Basi nyumba yenye kutaka kuifuata sunna hii na ifuturu kwa tende na maji, isali magharibi, kisha ikae kula kwa utulivu: uji mwepesi au supu, kitu kimoja cha wanga, mboga, na samaki. Kitu cha kukaanga kiwe kimoja kwa siku, au sambusa ziokwe badala ya kukaangwa. Mwenye kisukari na mwenye kutumia dawa na amwulize tabibu kabla ya kufunga, na kabla ya kubadili ulaji wake, kwani Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa yake si aibu.

JAWABU YA MWENYE KUPINGA

Akisema msemaji kwamba vitu vizuri vimehalalishwa, na kwamba si haki kuwakataza watu tui na samli, jawabu ni kwamba hapana kilichoharimishwa hapa. Biriani ya harusi ni halali, na nazi ya Idi ni halali. Kinachokatazwa ni kuifanya kila siku kuwa siku ya harusi. Na akisema kwamba ajali imekwisha kuandikwa, jawabu ni kwamba nahodha naye aamini kadari, wala haachi kuziba nyufa za chombo chake kabla ya kutweka.

Na akisema kwamba mazoea ni magumu kuyaacha, hilo ni kweli. Kwa hiyo na aanze kidogo. Juma la kwanza apunguze kijiko kimoja cha sukari katika kila kikombe. Juma la pili apime mafuta kwa kijiko. Juma la tatu aongeze mboga moja kikapuni. Ulimi huzoea upesi kuliko adhaniavyo mtu, na haba na haba hujaza kibaba.

MASUALA YA SOMO

1. Katika aya ya 31 ya Sura ya Al-Aaraf, amri ya kula imefuatishwa na katazo gani?
2. Ni faida gani mbili zilizomo katika wasia wa Mtume kwa Abu Dharr?
3. Vijiko vinne vikubwa vya mafuta vina kalori ngapi?
4. Mume asiyepika ana sehemu gani katika uzito wa chungu?

Suala la nne ndilo lipaswalo kujibiwa nyumbani, mbele ya mwenye kupika, tena kwa upole. Na mume atakayelijibu vema, jibu lake litaonekana kwanza kikapuni, kisha katika ulimi wake sahani ipakuliwapo. Mwenyezi Mungu awape Waislamu siha ya kumtii, na kiasi katika neema zake, na awaafu wagonjwa wao. Amin.