Nani Alitenda? Sarufi ya Kitenzi katika Ufundishaji wa Historia na Uraia kwa Darasa la Viwango Mseto

Ikisiri

Makala haya yanajadili ufundishaji wa Historia na Uraia katika shule za sekondari za Tanzania, hususan katika madarasa yenye wanafunzi wa viwango mbalimbali. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa tofauti ya uwezo ni tofauti ya kuimudu lugha ya maandishi ya kihistoria, na kwamba kubadili lugha ya kufundishia, ingawa ni hatua ya lazima, hakuiondoi tofauti hiyo. Tunapendekeza njia moja ya kuishughulikia bila kuligawa darasa, nayo ni uchunguzi wa mtenda katika sentensi. Mifano imetolewa katika mada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

1.0 Utangulizi

Suala la lugha ya kufundishia limeandikwa sana, na hatukusudii kulirudia kwa urefu. Itoshe kukumbusha kwamba Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza kuanzia 1985, na kwamba pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikibakiza Kiingereza. Ile ya 2014 iliruhusu lugha zote mbili. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili.

Sisi tuliodai mabadiliko hayo kwa miaka mingi tulizoea kusema kwamba mwanafunzi akifundishwa kwa lugha anayoielewa, pazia litaondoka. Pazia limeondoka katika somo hilo. Nyuma yake kuna pazia la pili, ambalo wanaisimu hatukulizungumzia vya kutosha.

2.0 Uwezo upi?

Mwandishi wa makala haya amekagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo kwa miaka kadhaa. Katika shule moja ya kutwa alikaa nyuma ya darasa la Kidato cha Pili, somo likiendeshwa kwa Kiingereza. Msichana mmoja hakufungua kinywa kwa dakika arobaini. Katika orodha ya mwalimu alikuwa miongoni mwa “wazito”. Kengele ilipolia alimfuata mwalimu na kumwuliza kwa Kiswahili: ikiwa Wajerumani walikuwa wachache namna ile, nani aliyewashika watu mkono kuwapeleka mashambani? Hilo ndilo swali ambalo wanahistoria wa ukoloni wamelishughulikia kwa vizazi viwili. Orodha ya mwalimu ilikuwa imepima Kiingereza chake, si uelewa wake wa historia.

Hata hivyo, tusikimbilie kuhitimisha kwamba Kiswahili kinawasawazisha wote. Kwa wanafunzi wengi nchini Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, na hata yule aliyezaliwa nacho hakuzaliwa na Kiswahili cha vitabu. Jim Cummins alitofautisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya taaluma, na ingawa dhana zake zimekosolewa, tofauti yenyewe huonekana katika daftari lolote la Historia. Mwanafunzi anayesimulia kwa ufasaha ugomvi wa sokoni hukwama mbele ya “kuimarishwa kwa unyonyaji”.

Dawa iliyozoeleka ni kuwagawa wanafunzi katika mikondo kwa alama zao. Tunaipinga. Mkondo wa mwisho hupewa historia iliyokaushwa: sababu tano, athari sita, kariri. Anayehitaji zaidi kusikia wenzake wakijenga hoja ndiye anayetengwa nao.

3.0 Sentensi moja, ngazi nyingi

Tuchukue maelezo matatu ambayo mwanafunzi anaweza kukutana nayo katika mada ya Maji Maji:

(a) Kilimo cha lazima kilichochea upinzani.
(b) Watu walilazimishwa kulima pamba.
(c) Maakida na majumbe waliwalazimisha watu kulima pamba.

Katika (c) mtenda yupo. Katika (b) hayupo, lakini ameacha nyayo. Umbo wa-li-lazim-ish-w-a linastahili kuandikwa ubaoni na kukatwakatwa mbele ya wanafunzi: kiambishi -ish- kinatangaza kwamba yupo aliyelazimisha, na kiambishi -w- kinaturuhusu tusimtaje. Katika (a) kitenzi cha kulazimisha kimegeuzwa kuwa sehemu ya kirai nomino, na nafasi ya mtenda imefutika. Hakuna anayelazimisha wala anayelazimishwa. Kuna “kilimo” tu, kana kwamba kilijilima chenyewe.

Mwalimu aandike (b) ubaoni na kuuliza darasa zima: walilazimishwa na nani? Swali hili linajibika na kila mmoja, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Jibu la kwanza litakuwa “na Wajerumani”, nalo si kosa. Mwanafunzi wa wastani atakwenda kwa akida, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyewekwa juu ya majumbe. Aliyesoma zaidi ataliona tatizo: mashamba ya pamba ya pamoja, yaliyoanzishwa katika wilaya za kusini kuanzia 1902 chini ya Gavana von Götzen, yalisimamiwa kila siku na Waafrika na watu wa pwani, na askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa Waafrika. Basi neno “Wajerumani” katika jibu la kwanza linasimama kwa niaba ya mfumo mzima. Wanafunzi wote watatu wamefanya kazi moja kwa sentensi moja, na wa tatu hakuwangoja wenzake. Jibu la wa kwanza ndilo alilolifanyia kazi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika orodha za “athari za Vita vya Maji Maji” mstari huu haukosekani: njaa ilitokea. Kitenzi tokea hakichukui yambwa, na swali la “na nani” halikishiki, hakuna Mswahili atakayesema “ilitokea na nani?” Sarufi yenyewe imeufunga mlango wa swali. Lakini majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, ili wapiganaji waliokuwa msituni wakose chakula na wasalimu amri. Makadirio ya wakoloni yalitaja vifo 75,000. Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na njaa na maradhi. Njaa ilikuwa silaha kabla ya kuwa athari. Mwanafunzi anayeandika “njaa ilitokea” hupata alama yake na kumwondolea mtu hatia bila kujua.

Zoezi ni kuwataka wabadili kitenzi: njaa ilisababishwa, njaa ilisababishwa na nani, fulani alisababisha njaa kwa kufanya nini. Wengine wataishia hatua ya pili. Atakayefika ya tatu atalazimika kutafuta ushahidi, na hapo somo la sarufi limekwisha, somo la historia limeanza.

Majina nayo hubeba watenda. “Uasi” humfanya serikali kuwa mwenye haki na mwingine mkosaji. “Vita” huzipa pande mbili hadhi. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya utafiti wa Maji Maji wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini uliochapishwa 1957, havitazami vita hivyo kutoka upande mmoja. Kuvisomesha kwa pamoja ni kazi ya kidato cha juu, ila swali la nani anamwitaje nani linaweza kuulizwa mapema zaidi.

4.0 Uraia

Katika Uraia njia hiyo hiyo hufaa, ingawa anayetafutwa ni mwenye wajibu. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inazungumzia haki ya kufanya kazi na kujipatia elimu. Mwanafunzi aulizwe kwanza: nani anatakiwa kufanya nini? Atajibu kwamba ni mamlaka ya nchi. Anayeweza zaidi apelekwe kwenye Ibara ya 7(2), inayosema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezeki kwa nguvu ya kisheria katika mahakama, kisha aeleze kwa nini haki ya kuishi, katika Ibara ya 14, iko chini ya ulinzi wa namna nyingine. Mjadala huo hauhitaji msamiati mgumu, bali utulivu wa kusoma kitenzi na mtenda wake.

5.0 Kuhusu utahini

Tutaambiwa kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika hana muda wa kukatakata viambishi. Zoezi tulilolieleza linahitaji chaki na sentensi moja, na muda wake unapatikana kwa kuacha kunakilisha orodha. Kikwazo halisi kiko kwenye mwongozo wa kusahihishia. Maadamu “njaa ilitokea” na “majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala, watu wakafa njaa” hupata alama moja ileile, mwalimu mwenye busara atafundisha lile fupi. Tungependa watunga mitihani waanze na badiliko dogo: alama moja kwa kutaja tukio, na ya pili kwa kumtaja aliyelitenda.